Fundi Cherehani Aliyepiga Simu ya Shimo Katikati ya Harusi

Jua la asubuhi ndiyo kwanza linagusa kizingiti, na tayari cherehani inaunguruma barazani. Fundi mwenyewe ameinamia gauni la njano, pini kadhaa amezibana midomoni. Kila anayepita anamwita jina lile lile: "Mama Shimo, umeamkaje?"

Anacheka na pini zake mdomoni, jambo ambalo mumewe amelipiga marufuku bila mafanikio.

Jina hilo halikutokana na ushonaji. Mwaka jana mafundi wa maji walikuja kutafuta bomba lililopasuka, wakachimba mbele ya mlango wake, wakaaga kwamba wanafuata kipuri. Hawakurudi. Shimo likajaa maji, kingo zikamomonyoka mpaka likafika katikati ya njia.

"Wateja waliona heri waende kwingine," anasema. "Nani atavuka tope na kitambaa cheupe mkononi? Kazi ilipungua kwa nusu."

Kisha jirani yake, mwalimu mstaafu, akateleza na kuvunjika mkono. Fundi cherehani akachomeka vijiti kuzunguka shimo, akavifunga mabaki ya vitambaa vyekundu, akaanza kupiga simu ofisi ya maji. Alipiga mpaka mpokea simu akaijua sauti yake.

"Nikisema haloo tu, binti anajibu, 'Shikamoo mama, tunalishughulikia.' Ana adabu zake, sikatai. Ila shimo halijazwi kwa shikamoo."

Ikafika harusi ya binti yake wa kwanza. Gari halikuweza kusogea mlangoni. Seremala wa mtaani akatandika mbao, majirani wakashikana mikono kando zote mbili, na bibi harusi akavushwa gauni limekunjwa hadi magotini, vigelegele vikimsindikiza.

Mjomba wa bwana harusi hakuwa na bahati hiyo. Mguu wake mmoja ulizama, ukatoka bila kiatu.

"Nikaona aibu, halafu hasira zikanipanda," anakumbuka. "Nikamwambia mshereheshaji, mwanangu, hebu nipe hicho kipaza sauti."

Akapiga laini ya dharura ya ofisi ya maji, simu akaisogeza kwenye kipaza sauti. Mtaa mzima ukasikia: "Shikamoo mama, tunalishughulikia."

"Marahabaa," wageni wote wakaitikia kwa pamoja.

Mpokea simu akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, hapo mko wangapi?"

"Tupo wote," akamjibu. "Na mmoja wetu hana kiatu."

Jumatatu lori la mafundi likaingia mtaani. Mpokea simu mwenyewe alikuwa amekaa mbele, karibu na dereva. Alikuwa amemfuata bosi wake mpaka ofisini, akakataa kutoka bila jibu.

"Nilichoka kuahidi kitu ambacho sijawahi kukiona," anasema binti huyo, ambaye siku hizi hupita kunywa chai kwa fundi.

Bomba likaunganishwa, njia ikasawazishwa, kiatu kikaopolewa na kupelekwa kwa mwenyewe. Wateja wamerudi. Mwalimu mstaafu naye ameanza tena matembezi yake ya jioni.

Sasa majirani wamemkabidhi Mama Shimo kazi nyingine: nguzo ya umeme ya pale kona imeinama, na nyaya zinaning'inia. Ameshapiga simu mara mbili.

"Binti yangu wa pili anaolewa mwakani," anasema, akichomoa pini ya mwisho. "Safari hii nataka wageni waangalie gauni nililoshona. Wasiangalie chini, wala juu."