Alama Aliyoificha Marehemu

Alhamisi asubuhi nilikuwa barazani hapa Kasingirima nachambua dagaa, kipaza sauti cha msikiti kikatangaza jina lake. Kafa ghafla, presha. Wengi wenu mlimjua: yule fundi wa kompyuta mrefu wa ofisi moja ya wakimbizi pale mjini Kigoma, aliyemsalimu kila mtu kwa mikono miwili. Matangani nilikwenda, maana kufiwa ni kufiwa. Wakanitaka niseme neno, kwa kuwa mimi ndiye niliyempikia chai pale ofisini na yeye aliniita bibi. Nikasema, "Mungu amsamehe," nikakaa. Watu wakanikodolea macho. Najua na nyinyi wasomaji wangu mnanikodolea, basi sikilizeni.

Miaka ile Warundi walipoanza tena kumiminika, ofisi ilipokea barua pepe za watu kutafutana: mama yuko kambini huku, mtoto yuko Kongo, mume hajulikani aliko. Marehemu akafunga seva ndogo aliyoiita proksi, ikae mbele ya seva ya barua. Mimi nikamwambia naona inakula umeme tu. Akacheka. "Bibi, mtu wa ng'ambo ya ziwa akikutumia salamu kwa mdomo wa mvuvi, unajuaje kama ni kweli?" Nikamjibu, "Lazima aje na alama. Aseme jambo tunalolijua mimi na aliyemtuma. Asiye na alama nampa maji ya kunywa, habari zangu simpi." Akapiga kofi. "Ndiyo hiyo hiyo!" Akanieleza kwamba kila ofisi ya maana hutia sahihi kwenye barua zake kwa ufunguo wa siri ilio nao peke yake, na ufunguo wa kuihakiki huwekwa hadharani mtandaoni. Proksi yake huipokea barua kwanza, huikagua sahihi, kisha huipitisha. Ikiwa sahihi haipo au imeghushiwa, barua hupita na mstari mwekundu juu yake: mtumaji hakuthibitika. Nilimjivunia kuliko aliyemzaa. Wajukuu zangu wote wana akili, silifichi hilo, lakini huyu wa kuokota nilimtangaza mpaka Bangwe.

Jikoni nilikuwa na mwenzangu, mjane wa Kirundi. Mwanawe wa pekee alimpotea njiani wakikimbia. Siku moja karani akaja na barua pepe, akamsomea: imetoka ofisi kuu, mwanao amepatikana, yuko nyumbani kwenu anakungoja, vuka mpaka uje. Mwenzangu akaanza kucheza akiizunguka sufuria. "Mama wee, ugali unaungua!" nikampigia kelele. "Uungue!" akasema. "Leo mle makoko, mwanangu mzima!" Akaondoka na nguo alizovaa. Waliomwona mpakani walisema alipokelewa na shemeji zake, wale wale waliokuwa wakiligombea shamba la marehemu mumewe. Hakuonekana tena. Tulipowapigia simu ofisi kuu, wakasema barua hiyo hawaijui.

Wakubwa wakaitisha kikao. Marehemu akasimama, akasema mashine yake iliikubali ile barua, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Nilikuwa nagawa vikombe, nikamtazama usoni, naye akatazama dari. Alipokuja jikoni nikamziba mlango kwa mwili wangu huu mnaoujua. "Mashine yako ilisema nini?"

"Bibi, mambo ya kiufundi..."

"Usinichanganye. Ilisema nini?"

Akakaa juu ya gunia la mkaa na suruali yake safi. "Ilisema hakuthibitika."

"Mstari mwekundu uko wapi?"

"Niliuficha. Wakubwa walilalamika, hata barua za rafiki zao zinatiwa wekundu. Wakasema nawachafulia barua. Nikaipanga isiuonyeshe." Kisha akanishika mkono. "Naomba yaishie jikoni, bibi yangu."

Hayakuishia. Jioni ile ile niliingia kwa mkubwa wao nikayasema yote, naye akaniambia nirudi kwenye masufuria. Nilirudi, nikayachukua yaliyokuwa yangu, nikaenda zangu. Marehemu alibaki na kazi yake, akapandishwa na cheo. Tulikutana njiani miaka na miaka: "Shikamoo bibi." Marahaba nilimpa. Chai yangu hakuinywa tena.

Baadaye mwana wa yule mwenzangu alifika kweli hapa nyumbani kwangu, mtu mzima mwenye ndevu, kutoka Kongo. "Nimeambiwa mama yangu alikuwa akipika nawe kule ofisini." Nilimkalisha, nikamweleza bila kupunguza. Aliuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo mashine ilijua?" Nikasema ilijua. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Huyu kilio chake kimempamba, na waliompamba ni wale wale waliochukizwa na wekundu.

Sasa kila mahali tumejaza wakaguzi: wa dawa, wa boti, wa barua. Tunawasifu siku wanapofunga mashine, tunawanunia siku mashine inaposema. Lakini kununiwa hakuui. Wewe uliyepewa kazi ya kukagua, ukiona kasoro, usimtazame atakayechukia. Mtafute atakayeumia, hata kama yuko jikoni, umwambie yeye kwanza.