Chombo Nilichokiosha

Sikuwa na homa siku ile, wala jua halikunipiga kichwani. Nayatanguliza hayo kwa sababu kila niliyemsimulia huanza kwa kuniuliza habari za afya yangu. Nilikuwa mzima, nimemaliza chuo cha ualimu mwaka uliotangulia, na nilikuwa mtu wa kutaka ushahidi. Yaliyonikuta nje ya Isiolo, mwishoni mwa miaka ya sabini, niliyaona kwa macho haya.

Mama yangu alikuwa mgonjwa. Kwa siku tisa hakumeza chochote ila chai kidogo. Kisha asubuhi moja akasema anataka jibini. Hebu fikiria: jibini, katika nyumba ambayo hakuna aliyewahi kuionja. Akasema liko duka njia ya Kulamawe, baada ya lagga ya pili, yale makorongo ya mito mikavu, penye mawe meupe, na mwenye duka anaitwa Dahabo.

Binamu yangu Yusufu alikuwa akipeleka sukari Kulamawe kwa pikapu. Aliponishusha penye mawe meupe alicheka. Hupita pale kila wiki, alisema, na hajaona hata banda. Akaahidi kunichukua alasiri.

Duka lilikuwepo. Nyuma ya migunga palikuwa na chumba cha udongo chenye mlango wa mabati, na ndani yake ubaridi, ingawa ilikuwa adhuhuri. Vitambaa vyeupe vilining'inia kutoka darini, kila kimoja kikidondosha maji ya maziwa, na kila tone lilichelewa kufika chini. Niamini, nililitazama moja hadi nikasahau kilichonileta. Mbuzi walilala mlangoni wakicheua, wala sikusikia sauti ya meno yao.

Nilitarajia mwanamke wa umri wa Mama. Huyu alikuwa msichana, hajafikisha miaka ishirini. Aliitikia salamu yangu bila kuinua macho, kwa kuwa alikuwa akifukiza chombo cha mti kwa kijinga cha moto, akikizungusha taratibu. Moshi ulinifunika, lakini macho hayakuniwasha. Sikuwa nimemwambia mimi ni nani.

"Mama yako bado anaogopa ngamia?" akauliza.

Nilisema ndiyo. Nani mwingine alijua? Mama aliificha hofu ile miaka yote, maana baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa ngamia.

Akakijaza chombo vipande vya jibini, akavimiminia yale maji ya maziwa, akanikabidhi.

"Ikiisha, rudisha chombo nijaze tena. Lakini usikioshe. Maji yasiguse ndani. Lete hivyo hivyo."

Yusufu aliponichukua alininusa, akauliza, "Mwalimu, siku hizi unachoma makaa?"

Mama alikula. Kipande kimoja jioni ile, viwili kesho yake. Siku ya nne aliketi mwenyewe kitandani, akamkemea shangazi kwa kuzidisha chumvi. Ndipo akanieleza. Dahabo alikuwa rafiki yake wa usichana. Baba yake Dahabo alipikia wazungu shambani huko upande wa Timau, akajua kutengeneza jibini, akamfundisha binti yake.

"Dahabo alikufa kabla sijaolewa," Mama akasema, kama anayemtaja jirani aliyehama mtaa. "Nilijua hataninyima."

Sasa sikiliza kosa langu. Jibini ilipokwisha, nilikitazama kile chombo: masizi ubavuni, utando wa mafuta chini. Agizo nililikumbuka vizuri. Lakini nani humrudishia mwenyewe chombo kichafu? Nikakisugua kwa sabuni na maji ya moto, nikakianika juani, nikajiona mwenye adabu. Kila mwanamke mfugaji wa kwetu anajua kwamba chombo cha maziwa husafishwa kwa moto, na kwamba kinachogandisha maziwa ya kesho hukaa katika utando ule. Mimi nilikuwa na cheti.

Siku niliporudi, vitambaa vyote vilikuwa vikavu. Dahabo alikipokea chombo, akakinusa kwa muda mrefu. Hakukasirika.

"Umenitoa humu," alisema. "Sasa maziwa yatashika nini?" Akanirudishia. "Mwambie mama yako nilitaka kumjazia."

Kifuniko kiliniponyoka. Niliinama kukiokota, na nilipoinuka nilikuwa peke yangu kati ya migunga, jua la mchana utosini.

Mama alikiona chombo kinavyong'aa, akageukia ukuta. Hakula tena, na mvua zilipofika tulikuwa tumeshamzika. Daktari alitaja jina la ugonjwa, nami simpingi.

Tangu siku ile maziwa hayagandi mikononi mwangu. Niyaweke siku tatu, yanaharibika yakiwa majimaji. Binti zangu wakigandisha mala, mimi hukaa ukumbini. Chombo kiko juu ya kabati langu. Kila Ijumaa nakifukiza kwa mkaa wa mgunga, na kila Jumamosi nakinusa, nacho hakina harufu yoyote, hata ya moshi.

Nawe, ukipewa chombo cha maziwa na mwenyewe akakuambia kirudi vipi, kirudishe vivyo hivyo. Usimwongezee usafi wako. Hujui ni nani anaishi humo, wala ni nani nyumbani kwako anayemngoja.