Magoti ya Nyuki

Wiki iliyopita, katika duka moja la Komarock, niliona chupa ya chavua ya nyuki, punje za manjano ndogo kuliko mchele. Mwenye duka alinifungulia ninuse. Harufu ile ilinirudisha utotoni, Mbotela, nyuma ya kanisa, kwenye mizinga miwili ya Senje, dada yake baba.

Mlangoni mwa mzinga Senje alikuwa ameweka mtego, wavu wenye vitundu vidogo. Kila nyuki alipojipenyeza kuingia, punje ya manjano ilibanduka mguuni mwake ikadondoka kwenye trei: ti, ti. Mimi niliamini ni magoti yanayong'oka. Nikaukamata mtego kwa mikono miwili na kuutoa, na nyuki wakanishughulikia.

Senje alinikuta nikilia, mdomo umevimba.

"Nani amekutuma utoe hiyo kitu?"

"Wanaumia magoti, Senje."

Akanitoa miiba kwa ukucha, mmoja mmoja, vidole vikinuka moshi na nta. Kisha akautia mtego kwapani. "Haya. Leo wapite na magoti yao."

Siku hizi najua kwamba chavua ni chakula cha watoto wa nyuki, na kwamba mtego huondolewa kila baada ya siku chache ili nao wale. Nilidhani basi siku ile ulikuwa umefika wakati wa kuutoa. Hata hivyo nilimpigia Senje simu nimshukuru, nikamweleza nilivyodhani.

Alicheka. "Wapi, mama. Nilikuwa nimeuweka asubuhi hiyo hiyo."