Kilio cha Locataire

Sisi tuliokulia Bukavu enzi za mpira wa mifuko ya plastiki na magoti yenye makovu, kaa tulimjua kwa njia moja tu. Alikuwa mtoni, chini ya jiwe. Ulimvutia kwa kichwa cha sambaza, kale kasamaki ka ziwani, kilichofungwa kwenye kamba, akikubana kidole unalia, kisha unamchoma na kumla. Hakuna aliyewahi kumuuliza kaa kama anasikia baridi.

Kwa hiyo mnielewe. Mwaka huu binti yangu Grâce amegeuza kona ya sebule yangu kuwa hospitali ya kaa. Ni wale wa nchi kavu, wanaotembea wamebeba ganda la konokono mgongoni. Mmoja ni mwekundu kabisa, ametoka visiwa vya huko Asia. Mwingine ni wa zambarau, nchi yake sijaikariri. Binamu yake aliye Ubelgiji ndiye aliyewatafuta, na mama mmoja wa parokia yetu akasafiri nao hadi Kigali, akavuka nao mto Ruzizi hadi huku Bukavu ndani ya bakuli la plastiki lenye matundu. Wana sanduku la kioo, mchanga, maji ya chumvi, maji ya kawaida, na taa ya kuwapa joto. Umeme ukikatika, Grâce anawazungushia chupa za maji moto. Mimi nikiwa na umri wake niliugua malaria kila mwaka na sikupewa hata blanketi la pili.

Lakini nisijifanye mgeni. Kaa wa namna hiyo aliwahi kufika nyumbani kwetu, mtaa wa Nyawera, nikiwa na miaka kumi. Tonton Déo, mdogo wa baba, alikuwa dereva wa lori la kwenda Dar es Salaam, na safari moja akatuletea mmoja ndani ya mkebe wa maziwa. Mtaa mzima ulikuja kutazama. Papa alimwona akichungulia kutoka kwenye nyumba ambayo hakuijenga, akasema huyu jina lake ni Locataire, mpangaji. Tulimlisha bugali na maganda ya yai, tukamwogesha kwa maji ya ziwa tuliyotia chumvi ya jikoni, maana Tonton alisema kwao ni baharini. Mdogo wangu Espérance, mwenye miaka sita, ndiye aliyempenda kupita kiasi. Alikwenda naye hadi chooni, na Maman akawa anamwonya kwamba huyo mdudu atazijua siri zake zote.

Siku moja Locataire akajichimbia kwenye mchanga wa beseni tulilomwekea, asitoke tena. Baada ya juma moja nikamfukua. Alikuwa laini, amepauka, hasogei, na pembeni yake kulikuwa na maganda matupu ya miguu. Mimi nilikuwa mtumishi wa misa, kifo nilikijua. Nikatangaza kilio. Espérance akasema amelala tu. Nikamwambia anyamaze, mkubwa ni mimi, na kwetu mkubwa akishasema, limesemwa. Tukatoa viti uani, watoto wa jirani wakaketi kama watu wazima kwenye msiba, tukaimba, nikajifunga shuka la Maman na kusoma sala zote nilizozijua. Kisha nikamtia Locataire kwenye mkebe uleule wa maziwa, nikagonga kifuniko kwa jiwe kikakaza, tukamzika nyuma ya jiko. Espérance alilia siku tatu. Kwa miaka thelathini nimewachekesha watu kwa hadithi hiyo kwenye harusi.

Mwezi uliopita yule mwekundu wa Grâce alitoweka mchangani. Wiki tatu nzima. Nikamwambia binti yangu, kwa upole wa mzazi, kwamba amekufa, amtoe kabla hajanuka. Vijana wa siku hizi mnawajua, hata macho hakuyainua kwenye simu.

"Hajafa, Papa. Iko nabadirisha ngozi. Ile ya zamani anaiacha kando, yeye anabakia laini, hawezi kutembea. Mutu akimufukua sasa, ndiyo atamuua."

Nilikaa chini. Mwanaume mzima, kwa ajili ya kaa. Jumapili yake yule mwekundu akatoka, amekua, anang'aa, akaenda moja kwa moja kunywa maji. Nilimtazama nikiufikiria ule mkebe wa maziwa.

Nikampigia simu Espérance, ambaye sasa ni mwalimu huko Sange na mama wa watoto wanne. Nikamweleza yote, nikamwomba msamaha, nikijaribu kucheka. Yeye hakucheka. Aliniita Yaya, yaani mkubwa wake, kama zamani.

"Yaya, mimi nilijua. Ile siku mangaribi nilirudia kule nyuma ya jiko, nikasikia iko nakwaruza mu mukebe. Nilikuita. Ulikuya, ukasikiliza na wewe, ukaniambia ni panya."

Leo mtoto anamwambia baba yake asubiri, na baba anasubiri. Enzi zetu mdogo alinyamaza, na mimi ukimya huo ndio niliouita adabu, nikausifu mbele ya Grâce kila siku ya Mungu. Nakumbuka vumbi la uani tukicheza, nakumbuka harufu ya shuka la Maman, hata wimbo tuliouimba siku ile naweza kuuanza sasa hivi. Lakini kwamba Espérance aliniita, na kwamba niliinama juu ya ule udongo nikasikiliza, hilo silikumbuki hata kidogo.