Kilo Themanini na Begi

Kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa kapteni kila mahali isipokuwa ndani ya ndege. Pale mtaani kwetu Membley mlinzi wa geti alinipigia saluti. Kanisani Ruiru, mtangazaji hakuweza kutaja hata mkutano wa kina mama bila kuongeza, "Na Kapteni wetu yuko nasi leo." Mama muuza mboga aliniuliza kama huwa siogopi huko juu, nami nikamjibu kwamba mtu huzoea. Ukweli ni kwamba nilikuwa na leseni ya urubani, saa mia mbili na kitu za kuruka, nyingi nikiwa na mwalimu kando, na bahasha ya kaki iliyojaa CV. Leseni yenyewe ilikuwa ploti yetu ya kule Theta, ile marehemu baba alituachia. Mama aliiuza ili nisome, na hajawahi kunikumbusha hata siku moja. Afadhali angenikumbusha.

Asubuhi za kazi nilivaa shati jeupe nikaenda Nairobi, kwenye uwanja mdogo wa ndege, kubisha kwenye hanga za kampuni za ndege za kukodi na za mizigo. Kampuni hizo zilitaka mtu mwenye saa mia tano. Nilipouliza mtu hupata wapi saa mia tano, karani mmoja aliniambia, kwa upole kabisa, "Kwa kazi." Wengine walipokea CV yangu kwa mikono miwili na kusema watanipigia. Hanga moja nilizoeleka mpaka mbwa wao akaacha kunibwekea, na hayo ndiyo yalikuwa maendeleo yangu ya mwaka.

Halafu nikakutana na rubani mkuu wa kampuni moja ya mizigo, mama mfupi kutoka upande wa magharibi, miwani imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Hakuifungua bahasha yangu. Alinitazama kuanzia kola hadi mshipi, akabaki kwenye mshipi.

"Uko na kilo ngapi?"

"Za nini, madam?"

"Zako."

Akanipeleka kwenye mzani wa mizigo, ule wa chuma uliolala sakafuni, nikapanda na begi langu. Tisini na moja. Begi lilikuwa kilo tatu. Themanini na nane zote zilikuwa mimi.

"Ndege yangu ni ya propela moja," akasema. "Nikishaweka mafuta, nikaingia mimi, ukaingia wewe, kinachobaki ndio mzigo. Mteja anauliza nitabeba vifaranga wangapi. Haulizi rubani alisomea wapi. Sasa, msaidizi wangu anaenda kampuni kubwa baada ya wiki kumi. Yeye ni kilo themanini na begi, jumla. Ukirudi kilo themanini na begi, na makaratasi yako yakiwa sawa, hicho kiti ni chako."

Nilitoka pale nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu nimalize mtihani. Nilikuwa nimekosa kazi kwa kutomjua mtu, kwa kukosa saa, na kwa sababu ambazo hakuna aliyetaka kunieleza. Kukosa kazi kwa sababu ya tumbo kulikuwa heshima. Tumbo nilikuwa nalijua lilikotoka.

Lilitoka jikoni kwa mama. Mimi nina jina la baba yake mzazi, kwa hiyo tangu utotoni ananiita Baba, na mtu hawezi kumnyima babake chakula. Ni mwalimu aliyestaafu, na nguvu zote alizokuwa akitumia kwa wanafunzi hamsini sasa anazitumia kwa sahani yangu. Nilimweleza habari ya kilo. Alisikiliza huku akiponda mukimo wa viazi na mahindi.

"Ndege hubeba hata magari, Baba. Itashindwa na wewe?"

"Hii ni ndogo, mami."

"Basi tafuta kubwa." Akaniwekea kijiko kingine. "Na huyo mama, yeye hana watoto?"

Nilianza kukimbia alfajiri kuelekea Kahawa Wendani, ambako wanafunzi wa chuo kikuu walikuwa wakirudi hosteli na chipsi mkononi, wembamba kama fimbo, bila shukrani yoyote. Kwa kupimwa nilikwenda hadi Thika, maana Ruiru ningeonekana. Karibu na soko kuna mzee anayekaa kwenye kiti cha plastiki na mzani mdogo wa bafuni mbele yake, anapima wapita njia. Kila Alhamisi nilivua viatu mbele yake kama mtu anayeingia kuungama.

"Themanini na nne," akasema wiki ya tatu. "Ni ugonjwa ama ni mwanamke?"

"Ni kazi, mzee."

"Ni kazi gani hukondesha mtu kabla aipate?"

Ningemwambia nini, kwamba taabu yangu ni ukapteni? Tulialikwa ruracio, sherehe ya mahari, huko huko Thika, na kwa kuwa mimi ni Kapteni nikatengewa kiti pamoja na wazee, kwenye ile meza ambayo mtu hajipakulii. Kina mama walinijazia sahani wakasimama kunitazama, maana kwetu mtu akisemekana amefaulu lazima mwili wake utoe ushahidi. Nilifunga nyama kwenye tishu na kuitia mfukoni, vipande vitano, suti yangu pekee ikanuka mbuzi hadi mwezi uliofuata. Cheo ambacho sikuwa nacho ndicho kilichokuwa kinanizuia kukipata.

Nilipofika themanini na moja, mtaa ukaanza kuniombea. Mmoja alisema ni kifua kikuu, mwingine akasema ni hewa ya huko juu, inanyonya mtu. Kina mama wa kanisa walikuja nyumbani na ndoo ya uji wa wimbi, wakaomba kwa sauti, kisha wakakaa kuhakikisha maombi yanashuka tumboni. Nilikunywa vikombe vitatu. Wiki hiyo mzee wa mzani alisoma themanini na mbili, akatikisa kichwa.

Kisha mama alinikuta nikitoboa tundu jipya kwenye mshipi kwa msumari. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda changu, akauchukua ule mshipi akaupitisha vidoleni.

"Baba yangu alianza hivi," akasema. "Kila mwezi tundu. Alisema ni kazi ya shamba. Nilikuwa nampikia na anasema ameshiba, na mimi namwamini. Haki usinifanyie hivyo."

Hasira yote niliyokuwa nayo juu ya mukimo ilinitoka. Niliona aibu, na niliogopa, maana nilijua siwezi kumpa vyote viwili, mtoto mnene na mtoto mwenye kazi. Siku hiyo nilikula sahani nzima akinitazama. Kesho yake nilikimbia mara mbili.

Wiki ya kumi nilirudi hangani. Rubani mkuu alivaa miwani, akainama kusoma mzani mwenyewe. Sabini na tisa na nusu, pamoja na begi. Hakunisifu. Alifungua ile bahasha kwa mara ya kwanza, akasoma kila karatasi akiwa amesimama, akasema nije Jumatatu, na kwamba kila siku ya safari tutapimwa sote, hata yeye.

Nilipomwambia mama, alipiga kigelegele hadi mlinzi wa geti akaja mbio. Na Jumatatu, kabla sijaamka, alikuwa amepika. Kuku mzima, mukimo, chapati sita, ndizi za kuchemsha, na chai kwenye thamosi ya chuma. Alivipanga ndani ya begi langu juu ya vitabu vya ndege. "Leo hakuna mtu atanyima mtoto wangu chakula," akasema. "Kazi umepata." Sikuwa na moyo wa kutoa hata chapati moja.

Hangani, maboksi ya vifaranga wa siku moja yalikuwa yamepangwa tayari, yakilia yote kwa pamoja. Nilipanda mzani na begi langu. Themanini na nne. Wapakiaji wawili walitazama chini. Rubani mkuu alifungua zipu, mvuke wa kuku ukamfikia usoni.

"Ni mama?"

"Ni mama."

"Siwezi kushusha vifaranga kwa sababu ya kuku," akasema.

"Nipe dakika kumi, madam. Wacha nile."

Alinitazama juu ya miwani. "Na ukikula, itaenda wapi?"

Sikuwa nimefikiria hilo, mimi na leseni yangu. Niliwapa wapakiaji kila kitu, pamoja na chai, vyombo vibaki nao hadi turudi. Walikula wamesimama kando ya gurudumu, haraka, kwa furaha, na mmoja akaniambia nimwambie mama Mungu ambariki. Tukaruka. Tulipopita juu ya Ruiru nilijaribu kuiona nyumba yetu, lakini kutoka kule Membley nzima ni mabati mekundu yanayofanana, na rubani mkuu alikuwa ananiuliza kipimo cha mafuta. Nikakisoma. Mikono yangu ilikuwa imetulia, na nilijua kwamba hii kazi naiweza.

Jioni mama alinipokea mlangoni, akachukua begi kabla ya kunisalimia. Alifungua vyombo kimoja kimoja, vyote vitupu. Akatikisa thamosi sikioni.

"Ulikula yote?"

"Yote, mami."

Alinishika uso kwa mikono miwili, akanigeuza huku na huku penye mwanga wa dirisha, na machozi yakamtoka.

"Unaona sasa," akasema. "Siku moja tu, na tayari unakaa kama mtu."

Akaingia jikoni, nikasikia kifuniko cha sufuria. Kesho yake tulikuwa na safari. Nilinawa mikono nikakaa mezani.