Nyekundu Ilipofunikwa

Nilisimama katikati ya Lualaba, maji yakinifika kiunoni. Mpaka leo sielewi. Miguu yangu ilikuwa juu ya jiwe, na pembeni kidogo, mule maji yanapoingia shimoni, kitambaa cha kichwa cha mke wangu kilikuwa kinaenda peke yake. Boti imelala ubavu juu ya mawe, mifuko ya mchele inazama. Maji ya kiuno, na yanaua mutu.

Tulikuwa tumetoka bandari ya Kasongo. Pale iko chuma kirefu chenye namba cha kupimia maji, Wabelgiji walikisimika wakati meli zao zinabeba pamba. Meli ziliisha, pamba ikaisha, sisi tukaendelea kukisoma. Hata mimi niliyeishia darasa la tatu najua alama nyekundu. Ikionekana, maji ni machache juu ya mawe ya kule chini: abiria wanashuka mbele ya mawe, wanapita kandokando kwa miguu, mizigo kichwani, na boti inapita tupu. Ndivyo mama zetu walivyofanya.

Siku ile nyekundu ilifunikwa. Lakini mchanga ulikuwa umetokeza kila pahali, kama mwezi wa saba, wakati wa kiangazi. Mke wangu akamwuliza mwenye boti:

"Papa, hatushuki kwa mawe?"

"Mama, nyekundu imekufa maji. Unapenda kutembea, tembea. Mchele utakungojea."

"Na ule mchanga?"

"Muulize mchanga, ndio iko dereva."

Watu wakacheka. Mke wangu akakaa juu ya mfuko wa mchele.

Matanga yalipoisha, mutu aliyechimba shimo la chuma akaniambia. Kilianguka kwenye mvua, mukubwa wa bandari akaagiza kisimikwe tena chini zaidi, kwenye matope laini. Kikazama, nyekundu ikazama nacho. Maji kidogo tu yakaifunika. Mukubwa alikosea? Au alitaka hivyo, maana nyekundu ikionekana boti zinapunguza mizigo, na ushuru wake unapungua? Nageuza-geuza, sipati. Nikimwuliza, anasema maji ni ya Mungu. Mwenye boti anasema yeye alisoma chuma. Na mchanga, hakuuona?

Mimi simudai Mungu. Mukubwa wa bandari na mwenye boti washuke wote wawili pale mtoni, mchana, watu wakiwa wamesimama. Mmoja aseme kwa nini alikipanda chuma kwenye matope bila kupima. Mwingine aseme kwa nini alifanya watu wamcheke mwanamke aliyeona sawa. Wanijibu mimi, kwa midomo yao.