Siku Nilipovaa Gata la Mkwe Wangu

Gata la nyumba ya mkwe wangu kule Kitangari halikuibwa na mtu wa vyuma chakavu. Nililing'oa mimi. Jambo hili nimelikana mbele ya mume wangu, mbele ya mawifi, hata mbele ya muuza maandazi wa mtaani kwetu (hakuniuliza, nilianza mwenyewe kujieleza), na leo naliandika nikiwa na shahada mbili ukutani na aibu moja ambayo haitundikiki popote.

Mimi ni mtu mzima, nafundisha chuoni hapa Masasi, na ni shabiki wa kupindukia wa tamthilia moja ya anga ambayo binti yangu Rehema aliniletea kwenye flashi. Ndani yake kuna Kamanda, mwanamke wa makamo kama mimi, anayelinda kisima cha mwisho kwenye sayari iliyokauka. (Ndiyo, najua. Ngojeni.) Washabiki wa huku kusini tuna kundi letu la simu, na mwaka huo tukakubaliana kukutana Masasi, kila mmoja avae vazi alilolitengeneza kwa mikono yake, na litakalopendeza zaidi lipewe zawadi. Nikaingia kazini kama niliyerukwa na akili. Kofia niliikata kwenye dumu la mafuta ya kula, kifua nikakitengeneza kwa godoro kuukuu na gundi, viatu nikachukua katambuga nikazipaka rangi. Kilichonishinda ni mikono. Kamanda ana kinga za chuma kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono, na boksi, kila nilivyolikunja, lilibaki kuwa boksi.

Basi tukapanda Kitangari kumsalimia mkwe wangu, Bibi Somoe, kiangazi kikiwa kikali, na wakati wenzangu wamekaa barazani mimi nikazunguka nyuma ya nyumba, na huko nikaliona. Kipande cha gata, chepesi, kimekunjika vizuri kama kimepimiwa mkono wangu, kimeshikiliwa na waya mmoja tu upande ule unaopeleka maji ya mvua kwenye tangi. Nikajiambia mvua bado, na dukani Masasi magata yamejaa, nitaleta jipya kabla hata bibi hajageuza shingo. Nikalivuta, nikalifunga kwenye kanga, nikalisukuma chini ya kiti cha gari. Mtu aliyezaliwa Newala, aliyekua akibeba ndoo kichwani, anang'oa gata! Nadhani bomba la Masasi lilikuwa limenilevya.

Haikupita wiki bibi akapiga simu. "Mama Rehema, wamenichukulia gata langu."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema, na mdomo wangu ukasema, ila si kile nilichoutuma. "Ni hawa wa vyuma chakavu, mama. Siku hizi hawana haya."

"Anayepita hapa ni Baba Zuhura peke yake."

Nikakaa kimya, na ukimya wangu ukamalizia sentensi.

Baba Zuhura ni mtu mzima anayezunguka na baiskeli akinunua mabati na sufuria zilizotoboka. Ndiye huyohuyo ambaye kila tangi likikauka alimpitishia bibi madumu mawili kutoka bombani, wala hakutaka hata ahsante. Bibi alimpiga marufuku uani kwake na akawatangazia majirani sababu. Nikasikia kwamba baadhi yao wameacha kumwuzia, na kwamba bibi sasa anakwenda bombani mwenyewe na magoti yake yale. Mume wangu akasema tumnunulie mama gata jingine, nami nikasema ndiyo, Jumamosi, na kila Jumamosi ilinikuta napiga msasa lile la zamani. Nilijua kabisa ninachofanya. Nilikuwa nasubiri sherehe ipite, kana kwamba dhambi nayo ina likizo.

Sasa, bibi ana desturi moja, ambayo ni ya akina mama wote wa kwetu: kila chombo chake ana alama yake, kisipotee kwenye shughuli. Yake ni vidoti viwili vyekundu na mstari mmoja chini yake, kama uso usiocheka. Iko kwenye masufuria, iko kwenye ndoo, iko kwenye jembe, na nilipolifikisha gata nyumbani nikaikuta na huko. Nikaifunika kwa rangi ya fedha. Nilichagua rangi ya maji kwa sababu inakauka upesi. Bibi yeye alitumia rangi ya mafuta.

Siku ya sherehe nilipanda jukwaani, na lazima niseme ukweli, nilipendeza. Mshereheshaji akanishika mkono akaugongagonga. "Kamanda! Hii ni silaha, au ni kile chombo cha kuku kunywea maji?" Ukumbi ukaangua kicheko. "Umeitoa wapi, mama?"

"Bati tu la kawaida," nikasema, "nililiokota."

Nikapewa ushindi. Wakatutoa nje kupiga picha, na tulipojipanga tu, mvua ya kwanza ya msimu ikaanguka, bila hata kutanguliza manyunyu. Wenzangu wakakimbia. Mimi nikabaki, kwa sababu Kamanda kwenye tamthilia hukimbilia mvua, sio kuikimbia, na nikainua mkono juu, na mpiga picha akapiga, na watu wakashangilia. Nilihisi kitu kinatiririka kwenye kiwiko. Rangi ya fedha ilikuwa inashuka kama uji. Nilipoushusha mkono, ule uso usiocheka ulikuwa unanitazama, mwekundu, safi, kama umepakwa asubuhi ile.

Nikamtafuta mume wangu. Alikuwa barazani, anang'aa kwa furaha, kidole kwenye simu.

"Nimeshaituma kwenye kundi la familia," akasema. "Wakuone!"

"Baba Rehema, ifute."

"Niifute kwa nini? Umependeza!"

Akaitazama tena. Akaikuza kwa vidole viwili. Ile furaha ikamtoka usoni polepole, kisha akaniangalia kwa namna ambayo hajapata kuniangalia tangu tuoane, akaenda kukaa ndani ya gari.

Ningependa kuwaambia kwamba nilimpigia bibi usiku uleule. Sikupiga. Nilijifariji kwamba hana simu ya picha, kana kwamba Kitangari nzima haina wajukuu. Kuhusu kutengeneza mavazi, nimeapa: kisichokuwa changu sitakigusa hata kama ni kifungo cha shati. Lakini kiapo hicho ni rahisi. Kilichonishinda ni kile cha mdomo, cha kusema kweli.

Asubuhi simu ikaita, mvua ikiendelea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mama Rehema, nimeletewa picha yako. Umependeza. Mkono wa kulia umevaa gata langu."

"Mama, naomba…"

"Usiniombe mimi. Mimi nilimwita mtu mwizi kwa mdomo wako. Nimemwita aje, yuko hapa barazani, na majirani nimewaita, wale wale niliowaambia mwanzo. Simu nimewekewa sauti ya juu. Zungumza naye."

Nikasikia simu ikibadilishwa mkono, na mtu akikohoa.

"Shikamoo, Baba Zuhura," nikasema.

Marahaba haikuja, na mimi nikafahamu kwamba ni kitu ambacho mtu anaweza kunyimwa.

"Sema kwanza," akajibu. "Tena kwa sauti. Mvua huku ina kelele."

Nikasema. Nikasema yote, kuanzia waya ule mmoja hadi Jumamosi zangu, na katikati ya maneno yangu, upande ule wa nyuma ya nyumba ya bibi, nilikuwa nayasikia kwenye simu maji yakimwagika chini kwenye udongo.